Gia Hazitaki Watazamaji

Gereji, 4 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kwenye kile kiti chako chenye mguu uliofungwa kamba, na mama mdogo yuko karibu anakugombeza. Na yeye mpe shikamoo yake. Huku tuko wazima kwa kiasi chetu. Mama miguu inamsumbua asubuhi, ikifika saa nne inamwacha, anasema miguu yake imeajiriwa nusu siku. Anakusalimu sana shemeji yake. Mwanao Mwendo amenenepa, na bado anacheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho.

Tangu uondoke gereji imepooza. Nilishazoea kukusikia ukizozana na bolti.

Sasa habari za lori letu Kobe. Nisingekusumbua, lakini limewasha taa ya injini. Unakumbuka tulivyoifungua injini yote ikabaki bloku tupu juu ya meza, tukaijenga upya kuanzia beringi. Mimi nilifunga pistoni na ringi, wewe ukachukua gia za mbele, zile za taimingi. Ulinifukuza kabisa, ukasema gia hazitaki watazamaji. Tulipowasha ikashika mara ya kwanza, ukaipiga kofi kava ya mbele ukaiambia ikae na adabu. Haikukaa. Juma lililofuata ile taa ya njano kwenye dashibodi ikawaka. Inawaka injini ikishapata moto, Mwendo akizima na kuwasha inapotea, kisha inarudi. Anasema na kupanda mlima inamkatalia.

Njia yake unaijua. Anashusha saruji kwenye ule mteremko wa kona, korongo liko kushoto kwake. Injini ikizimika pale usukani unakuwa mzito, na upepo wa breki haujazwi tena. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mzigo ukilala si kitu, ninayemwogopea ni Mwendo.

Ningepiga simu, lakini sheria yako naijua, kwamba ugonjwa wa injini unaandikwa, kwa sababu anayesema hukurupuka na anayeandika hulazimika kutazama tena. Nilituma picha ya dashibodi kwenye simu ya mama mdogo. Sikupata neno. Niambie nianzie wapi.

Mwanao,
Fundi


Nyumbani, 19 Februari

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Mwambie shemeji miguu inayofanya kazi nusu siku ni miguu yenye akili, yangu inadai hata malipo ya siku ya mapumziko. Mama yako mdogo hajambo. Ana vita na kuku wa jirani, na mpaka sasa wanaoongoza ni kuku. Mimi mzima kabisa. Picha yako sikuiona, simu ile kioo kimepasuka.

Usihangaike. Injini ikishafungwa upya, taa ya namna hiyo mara nyingi ni nyaya. Anza na waya wa erthi, ule mnene unaotoka kwenye bloku kwenda kwenye chesisi. Watu hupaka rangi bloku ipendeze, halafu wanasahau kuikwangua pale waya unapokaa. Ukimaliza, chomoa soketi zote, zipulize, zirudishe mpaka zilie. Angalia hewa isiingie kwenye dizeli. Kisha chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku, mpini sikioni, usikilize. Kama hakuna kinachogonga, basi ni nyaya tu.

Kobe liendelee na kazi. Mwambie mdogo wako ateremke kwa gia ndogo. Na usifungue kitu kilichofungwa vizuri.

Hivi, siku ile nilipokuwa nafunga, ile taa ya juu ya meza yako ilikuwa inawaka sawasawa? Nauliza kwa sababu ya umeme wa gereji, usije ukakuletea moto.

Baba yako mdogo


Gereji, 3 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika salama, ila mistari imepandana kama watu kwenye foleni ya maji, mama na mimi tumeisoma kwa kusaidiana. Mama amecheka mpaka akasahau miguu. Ametaka kujua kama unakula vizuri. Mimi pia nataka kujua.

Taa ya juu ya meza ilikuwa inawaka vizuri. Ni mpya.

Nimefanya yote. Erthi nimeikwangua mpaka chuma kimeng'aa. Soketi nimezichomoa na kuzirudisha, dizeli haina hewa. Nimesikiliza kwa bisibisi mpaka sikio limeota alama ya mpini, na sikusikia kitu kinachogonga. Injini inaimba vizuri. Taa inawaka.

Nikamwita yule wa kupima kwa kompyuta. Kompyuta inasema kem na krenki hazikubaliani. Wewe huhitaji kuelezwa, lakini umesema niandike yote: krenki inazungusha pistoni, kem inafungua vali, na gia za mbele ndizo zinazozifanya ziende pamoja. Sensa moja, kijicho cha umeme, inasoma hii, nyingine inasoma ile, na kompyuta inaona moja imechelewa. Akasema huenda ni sensa ya kem, au gia imefungwa imeruka jino moja. Nimemwambia la gia asahau. Nimebadilisha sensa ya kem. Taa imekaa siku mbili kimya, kisha imerudi.

Mwendo amebandika utepe mweusi juu ya taa. Anasema sasa haiwaki. Akacheka, mimi sikucheka.

Baba mdogo, kuna jambo lolote la siku ile ambalo ningepaswa kulijua? Huenda hakuna. Nauliza tu.

Mwanao,
Fundi


Nyumbani, 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na mambo madogo madogo hapa. Kuku wameshinda vita, sasa wanalala jikoni kwetu. Nakula. Mwambie shemeji nakula.

Mistari kupandana ni kalamu. Kalamu za siku hizi hazishikiki.

Huyo wa kompyuta ameshika spana lini? Kompyuta inasoma waya, haisomi chuma. Gia ingekuwa imeruka jino, injini ingeshika mara ya kwanza vile? Ulikuwepo, uliisikia. Sensa uliyonunua pengine ni feki, tafuta nyingine. Mbele pasiguswe. Kufungua mbele ni kung'oa rejeta, feni na puli, kazi ya kuvunja mgongo, kwa ajili ya maneno ya mtu ambaye kucha zake ni safi.

Unauliza kama kuna jambo la siku ile. Nilifunga gia maisha yangu yote. Nilimfungia marehemu baba yako injini ya lori lake la kwanza, na likazeeka likiwa linatembea.

Spana zangu nimempa jirani wa baiskeli. Alikuwa anaziangalia sana, na mimi nimechoka kuzipaka mafuta. Usiniulize sababu, hakuna.

Mwendo anapita mteremko siku zipi? Niandikie siku zenyewe. Nataka kujua tu.

Baba yako mdogo


Gereji, 8 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama hajambo. Leo sina habari nyingi za nyumbani, unisamehe.

Juzi Mwendo alirudi na bampa imekunjwa na kioo cha pembeni hakipo. Akasema amegongwa na lori jingine kwenye maegesho, akaanza kucheka. Nikaangalia matairi ya mbele. Udongo mwekundu umejaa mpaka kwenye bolti, na majani yamebanwa kwenye rimu. Maegesho gani yana majani? Nikamwambia akae chini, asinicheke.

Injini ilizimika kwenye kona ya tatu, amebeba mzigo kamili. Usukani ukagoma. Anasema aliunyonga kwa mikono yote miwili na goti, akaliingiza lori upande wa mlima, likajikwaruza ukutani mpaka likasimama. Angekwenda upande wa pili nisingekuwa nakuandikia barua hii. Alikaa kwanza kwenye ngazi ya lori. Kisha akajaribu ufunguo, likawaka kama vile hakuna lililotokea, akaja nyumbani.

Hakutaka ujue. Ameniomba, amenisihi, ameniita dada mara nyingi kuliko mwaka mzima. Nakwambia hivyo hivyo, maana ni mwanao.

Ufunguo wa Kobe nimeuchukua, ninao shingoni. Amenuna kwa sababu kazi yake amepewa mwingine. Anune.

Baba mdogo, nataka kufungua mbele. Ulinifundisha kwamba anayekagua nyuma ya fundi anamtukana, na mimi nyuma yako sijawahi kukagua hata bolti moja. Naomba ruhusa yako. Ukikataa nitafungua vilevile, na kukuandikia maneno haya kunaniuma kuliko unavyodhani.

Fundi


Nyumbani, 15 Aprili

Mwanangu,

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni mama yako mdogo, mimi nasema.

Fungua. Fungua leo, kabla hujamaliza kusoma.

Mimi sioni. Uso wa mtu naona kama mtu amesimama nyuma ya pazia. Maandishi sioni. Nilipokuja huko kwenu ilikuwa tayari hivyo, nikajifanya nimechoka na safari. Ulipotaka kukaa karibu nikakufukuza kwa maneno yale ya gia hazitaki watazamaji, usije ukaniona ninavyopapasa. Alama za gia nilizitafuta kwa ukucha. Nilipozipata niliona nimezipata. Nilipofika nyumbani sikuwa na hakika tena.

Barua zako zote ni mama yako mdogo anayenisomea. Ile ya jino moja, alipofika pale akanyamaza, akaendelea na habari za utepe wa Mwendo. Nikamwambia rudi nyuma, umeruka mahali. Akarudi. Majibu nikaandika mwenyewe, gizani, mstari juu ya mstari, ili asijue nimekuambia nini. Maana nilijua. Uliponieleza habari ya taa mara ya kwanza tu moyo wangu ulikwenda kwenye gia, na nikakuambia ni nyaya. Mtoto wangu wa kumzaa anashuka korongoni na injini niliyoifunga bila macho, na mimi naona haya. Nilikuuliza siku anazopita ili siku hizo nisikae peke yangu. Hicho ndicho nilichoweza kumfanyia mwanangu.

Ukikuta nimekosea, niandikie nimekosea kwa meno mangapi. Ukikuta ni sawa, usiniambie ni sawa, sitaamini. Wewe na huyu anayeandika mnanipenda mno, mtanipangia maneno. Tayari amenisomea barua za watoto wengine zenye habari nzuri kupita kiasi.

Mwambie Mwendo asichukie kunyang'anywa ufunguo.

Baba yako mdogo

(Mimi mama yako mdogo naongeza. Amelia alipotaja mteremko. Amesema nisiandike hilo. Nimeandika.)


Gereji, 24 Aprili

Baba mdogo, mama mdogo,

Shikamooni. Mama amesikia barua yenu, akaenda kukaa nje peke yake, aliporudi akasema shemeji yake ni mpumbavu na anampenda. Nimefikisha kama nilivyotumwa. Mwendo pia ameisikia, na hajacheka tangu hapo. Anasema angekuwa anajua angekushika mkono mwenyewe akuongoze, na kwamba anasubiri kukugombeza uso kwa uso.

Tumefungua. Rejeta chini, feni chini, puli ikanigombanisha na Mwendo nusu siku, kava ikatoka. Nikazungusha krenki polepole mpaka alama zikakutana. Kitone kimoja cha gia ya krenki, vitone viwili vya gia ya kem, na kile kimoja kimekaa katikati ya viwili, pale pale panapotakiwa. Sikuamini. Nikafuta grisi, nikarudia kuzungusha, nikamwita Mwendo aangalie bila kumwambia ninachotafuta. Akasema ziko sawa, mbona unalia?

Nilikuwa nalia kwa sababu tangu Machi nilikuwa nimekuhukumu, baba mdogo. Kwa heshima sikugusa gia yako, na kwa kukushuku sikutafuta mahali pengine popote. Kompyuta ilisema kem na krenki hazikubaliani. Sensa ya kem niliibadilisha. Ya krenki sikuitoa hata kuitazama, maana iko kule nyuma kwenye nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, mkono hauingii, na jibu nilikuwa nalo tayari moyoni.

Nilipoona gia ziko sawa ndipo nikaingia chini ya lori. Nikaitoa. Sensa ile ina sumaku, na ncha yake ilikuwa imeota ndevu za unga wa chuma. Unga wenyewe ni wangu. Unakumbuka yale meno ya flaiwili yaliyokuwa yamechongoka, nikayapiga tupa nikiwa na haraka ya kuifunga. Sikupuliza vizuri. Injini ikipata moto, ndevu zile zinaichanganya sensa, taa inawaka. Siku zilipozidi ikashindwa kusoma kabisa, injini ikazima. Niliifuta kwa kitambaa, nikasafisha nyumba yote ya flaiwili, nikarudisha. Mwanao nusura aende korongoni kwa uchafu wa tupa yangu.

Tumepanda na kushuka mlima bila mzigo, kisha na mzigo, mimi nimekaa kiti cha abiria. Utepe tumeubandua. Taa imekaa kimya.

Umesema ukiambiwa ni sawa hutaamini. Basi simwambii mtu akusomee hili. Kwenye bahasha kuna kipande cha karatasi nene ya gasketi, ile ya kuzibia kava; mama mdogo asikitafutie maandishi, hakina. Kabla ya kufunga kava niliiweka juu ya gia zote mbili nikaigonga taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, vile ulivyonifundisha kukata gasketi. Imeshika sura ya meno na vitone. Kona niliyoikata iwe chini kulia. Halafu tumia ukucha ule ule.

Mwanao,
Fundi


Nyumbani, 6 Mei

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Shemeji mwambie matusi yake yamefika na nimeyakubali. Mama yako mdogo ndiye anayeandika. Amewafukuza kuku jikoni, safari hii kwa ufagio, na wamekubali kushindwa.

Alifungua bahasha akasoma barua yote, na mimi sikuamini hata neno, kama nilivyokuahidi. Nikamwambia nipe hiyo karatasi, wewe nenda kafanye kazi zako. Hakwenda, alisimama mlangoni, namsikia anavyopumua. Nikageuza kona uliyoikata ikakaa chini kulia. Nikaanza na meno, jino moja baada ya jingine, mpaka pale gia mbili zinapoumana. Nikakuta kitone. Nikahama kushoto nikakuta cha pili. Nikarudi katikati, ikabidi niuweke mkono mezani kwanza. Kisha nikakipata cha tatu. Kimekaa katikati.

Nimeipapasa asubuhi yote. Mama yako mdogo anasema nitaimaliza.

Kuhusu tupa, umekosea, na mimi siwezi kukufichia. Ukipiga tupa funika kila kitu, na ukimaliza puliza mpaka uchoke, halafu puliza tena. Lakini mimi nilikaa na hofu yangu miezi yote hiyo nikaiita nyaya. Uchafu wako ungeonekana Februari kama ningesema Februari. Ungefungua mbele mapema, ungekuta ziko sawa, ungeingia chini ya lori kabla mdogo wako hajafika kwenye kona ile. Hilo sitaki mtu anipunguzie.

Hospitali ya macho nitakwenda. Mama yako mdogo ameshashinda kuku, mimi ni nani. Jirani nimemdai spana zangu. Zote amerudisha ila moja, anasema haioni, nami nimemwambia namwelewa vizuri sana.

Nikija tena, gia utafunga wewe. Mimi nitakaa pembeni, na ukimaliza nitakagua kwa kidole, na hutanuna. Nami nikifunga, utakagua nyuma yangu. Ile sheria nimeifuta. Mwendo mrudishie ufunguo.

Maneno ya mwisho naandika mwenyewe, unisamehe mistari.

Taa ikiwaka tena nishuku mimi kwanza, siku hiyo hiyo, uniambie, ili mwanangu afike nyumbani.

Baba yako mdogo